Waya Kwenye Shavu la Wasike

Watu wa Kapsoya wakikwambia kwamba Mildred Nanzala ni mwanamke mkaidi, wakubalie tu, kisha waulize ni nani kati yao aliwahi kumrudishia bubu maneno yake. Watatazama viatu vyao. Mimi naitwa Kabura, nauza mayai na unga kwenye kibanda kilichopakana na saiba yake. Ukuta wetu ni mbao moja nyembamba, na kupitia mbao hiyo nimeyasikia maisha yake yote, pamoja na yale ambayo angependa nisiyasikie.

Saiba ni chumba cha mbele chenye kompyuta chache na printa, na chumba cha nyuma ndiko alikokuwa akiishi na mumewe. Wateja hudhani kazi ya Mildred ni kupiga chapa. Kazi yake hasa ni kupatanisha. Printa haitaki kusikia kompyuta, skana imenuna, simu ya mteja imegoma kutoa picha za harusi. Anachukua waya huu, anautazama mdomo, anautupa, anachukua mwingine. Aliwahi kunieleza kwamba kila waya una mdomo wake, na kuna watu huko ng'ambo waliokaa kikao wakakubaliana mdomo uwe na pini ngapi, pini ipi ibebe moto, ipi ibebe maneno, na maneno yapite kwa mwendo gani. Vifaa viwili vikifuata makubaliano hayo, vinaelewana hata kama vimetengenezwa na watu wasiojuana. Visipofuata, utachomeka mpaka utoke jasho na vitaangaliana tu kama wakwe waliokosana kwenye mahari.

Siku nyingine nilimuuliza kile kijiti chenye taa anachokichomeka ubavuni mwa kompyuta ni cha nini. Akasema ni modemu. Kompyuta, akasema, inajua mambo mawili tu, ndiyo na hapana, na hewa haiwezi kuzibeba ndiyo na hapana zikiwa uchi. Modemu inazivisha mawimbi zisafiri, na modemu ya upande wa pili inazivua.

“Kumbe ni mkalimani,” nikamwambia.

“Eeh. Lakini huyu haongezi yake.”

Hivyo ndivyo alivyo. Anaipenda kazi yake kwa namna ambayo sisi wengine tunapenda watoto wetu, na labda ni kwa sababu yeye na Wasike hawakujaliwa mtoto. Sisemi hivyo kumsengenya. Yeye mwenyewe aliwahi kuniambia.

Mumewe, Lawrence Wasike, alikuwa karani kwenye ghala la mahindi, lakini ukarani ulikuwa wa kulipa kodi ya nyumba tu. Kazi yake ya moyoni ilikuwa mdomo. Harusi yoyote ya Waluhya hapa Eldoret, na nyingi za sisi Wakikuyu, ukisikia kicheko kimepasua hema ujue msema-chochote, mshereheshaji wa siku, ni Wasike. Alikuwa akipita kibandani kwangu kila asubuhi kunichokoza. “Mama Mayai, leo kuku wako wametaga au wamegoma kama madaktari?” Nilikuwa namtupia maganda. Kama kungekuwa na haki duniani, ugonjwa ule ungemchukua mtu mkimya, mtu ambaye hakuwa na haja kubwa na ulimi.

Ulianza na kikombe. Kilimponyoka, tukacheka. Kikamponyoka tena, tukamuuliza amekunywa nini. Halafu vifungo vya shati vikamshinda, halafu ulimi ukawa mzito, na kwenye harusi moja pale mjini bwana harusi alimnyang'anya kipaza sauti akidhani amelewa. Wasike alirudi nyumbani akalia. Nilimsikia kupitia mbao. Hospitalini daktari aliwaeleza polepole kwamba mishipa inayopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli inakufa, mmoja baada ya mwingine, na dawa ya kuirudisha haipo. Akili itabaki nzima. Masikio yatabaki mazima. Atasikia kila kitu na kuelewa kila kitu mpaka mwisho.

Mildred alipotoka huko alikaa kwenye kreti yangu ya soda na kusema, “Mashine ni nzima, Kabura. Ni waya zimekatika.”

“Wacha kuongea juu ya mtu hivyo.”

“Nataka kuongea hivyo. Ya madaktari siwezi. Waya najua.”

Sauti ya Wasike ilipokwisha kabisa, alianza kazi. Ndani ya kipanya cha kompyuta kuna kitufe kidogo kama punje ya mahindi. Ukikibonyeza vyuma viwili vinagusana, na kompyuta inaambiwa ndiyo. Ukikiachilia inaambiwa hapana. Hakuna uchawi mwingine. Mildred alikipasua kipanya, akachomelea nyaya mbili ndefu hapo, akazivuta mpaka kitandani na kumfunga mumewe kitufe kidoleni. Kwenye skrini aliweka programu ya bure inayopanga herufi kwa mistari. Mwanga unatembea mstari kwa mstari ukilia tik, tik, tik. Mgonjwa anabonyeza ukifika kwenye mstari anaoutaka, kisha unatembea herufi kwa herufi, anabonyeza tena. Herufi moja hiyo. Akimaliza, mwanga unarudi juu na kutulia mpaka abonyeze tena kuuamsha. Sentensi ikikamilika inapita kwenye modemu, inaenda huko mitandaoni na kurudi ikiwa sauti kwenye spika.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mzee. Soketi zake za USB zilikuwa zimekufa zote isipokuwa moja, na hiyo ilikaliwa na modemu. Mildred alijaribu kuigawa kwa kigawanyio, modemu ikakosa nguvu na kuzimika. Basi kipanya kikaingia kwenye lile tundu la zamani la duara, la rangi ya kijani. Tundu hilo lina tabia mbaya. Kompyuta inapoamka huangalia nani yuko hapo, ikimkuta inamtambua. Akitoka katikati ya kazi kisha akarudi, hata akikaa sawasawa kama mwanzo, haimjui tena mpaka uizime na kuiwasha. Mildred alikuwa amelifunga tundu hilo kwa selotepu na kumkataza kila mtu kuligusa.

Sentensi ya kwanza ya Wasike ilichukua muda wa ugali kuiva. Tulikuwa tumesimama pale mimi na Mildred, tumeshikana mikono kama wasichana. Spika ikakohoa, halafu sauti ya mwanamke msomi, kama wale wa kusoma taarifa ya habari, ikasema: “Mildred chai yako haina sukari.”

Mildred alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha kicheko kikageuka kilio. Mimi nilijua hapo hapo kwamba ni yeye. Mtu mwingine angeshukuru kwanza.

Laiti mambo yangeishia hapo. Kidole kilikufa, Mildred akahamishia kitufe kwenye kidole gumba cha mguu. Mguu nao ukafa. Kope hazikuwa zikimtii tena, zilijifumba zenyewe zikitaka. Nilimkuta Mildred amepiga magoti kando ya kitanda, anampapasa mumewe polepole kichwani, shingoni, taya, akitafuta mahali palipobaki na uhai wa kutii. Akapapata kwenye shavu la kushoto, chini kidogo ya jicho. Alibandika kitufe hapo kwa plasta. Wasike akikaza shavu, herufi inaingia.

Na kuanzia hapo Mildred hakulala. Sisemi hakulala vizuri. Plasta ilikuwa ikiteleza kwa jasho, na ikiteleza Wasike hawezi kuita, na asipoita hawezi kugeuzwa wala kufutwa mate, na mate peke yake yanaweza kumnyonga. Kwa hiyo Mildred alikaa kwenye kiti akiisikiliza ile tik, tik. Aliungua mkono kwenye chuma cha kuchomelea kwa kusinzia. Alisinzia mbele ya wateja, nao wakaanza kuhamia saiba ya ng'ambo ya barabara. Nikimwambia anipe zamu ananijibu kwa ukali kwamba mimi sijui kusikia tofauti ya mlio. Nilimwambia kichwa chake ni kama mawe ya Kaptagat. Alikuwa amesinzia tena.

Ndipo akaja Mukhwana.

Mukhwana ni kaka mkubwa wa Wasike, mkulima wa miwa upande wa Webuye. Ni mtu mrefu wa maneno machache, na si mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu nilimchukia wiki nzima na sasa siwezi kuendelea. Aliingia, akamsalimia mdogo wake kwa kumshika mguu, akakaa akimtazama. Mildred akamwambia kwa furaha amuulize chochote, atajibiwa. Tik, tik, tik. Hatimaye yule mwanamke wa taarifa ya habari akasema, “Karibu kaka. Umenenepa.”

Mukhwana aliruka kutoka kitini.

“Hii ni nini? Ndugu yangu anaongea na sauti ya mwanamke?”

“Sauti ni ya mtandao, mulamwa,” Mildred akasema, akimwita shemeji kwa lugha yao. “Maneno ni yake.”

“Na nani ameweka hii kitu?”

“Mimi.”

“Na nani anaishika hiyo waya?”

“Mimi. Lakini yeye ndiye anabonyeza, angalia shavu lake.”

Mukhwana aliangalia shavu. Kwa mtu asiyezoea, lile shavu halikuwa likifanya chochote. Kulikuwa na mtikisiko mdogo tu, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi. Alitikisa kichwa, akasema alilokuja kusema. Kwao mwanaume hafii kwenye chumba cha kupanga. Alikuwa amemjengea mdogo wake chumba cha mabati mapya karibu na nyumba ya marehemu mama yao. Atamchukua, atalazwa pale, ukoo utamzunguka, na siku ikifika atalala kwenye udongo wake.

Mildred akauliza kama boma lina stima. Mukhwana akasema nguzo zimepita barabarani lakini hazijaingia kwao, wana sola ya taa na kuchaji simu.

“Kwa hiyo hataongea.”

“Haongei sasa, mulamwa.”

Hapo spika ikasema, baada ya tik nyingi, “Nataka kubaki hapa.”

Mukhwana hakumtazama hata mdogo wake. Alimtazama Mildred. “Hayo ni yako,” akasema. “Mtu anaweza kuwekewa maneno mdomoni hata akiwa na mdomo. Huyu je? Nitarudi Jumamosi na gari.”

Sijawahi kuona mtu akihangaika kama Mildred alivyohangaika siku zile, na mimi nimetoka Burnt Forest wakati wa vurugu za uchaguzi, nimeona watu wakihangaika. Alifunga saiba. Alishuka mjini kutafuta laptop ambayo ingeishi kwa sola, akaazimwa moja na mteja wake wa zamani, betri yake ikazimika kabla hajafika nayo nyumbani. Alimwendea mchungaji aje kushuhudia kwamba maneno ni ya Wasike. Mchungaji akasema mambo ya familia ni ya familia, atawaombea. Alirekodi video ya shavu na kumtumia Mukhwana. Mukhwana akajibu kwamba siku hizi video zinatengenezwa. Alimpigia shangazi yake Wasike, akalia kwenye simu, shangazi akamwambia avumilie, ndoa ni kuvumilia.

“Kabura,” aliniambia, “wakimchukua atakaa miezi ndani ya mwili wake kama mtu amefungiwa chooni. Anagonga, anagonga, na watu wanapita na ndoo zao. Watamgeuza akiwa hataki. Watamlisha akiwa ameshiba. Atawashwa pua, Kabura! Nani atajua amewashwa pua?”

Nilimpikia uji wa wimbi na akauacha ukapoa. Na lile shavu lilikuwa limeanza kuchoka. Sentensi zilizokuwa zikichukua muda wa ugali sasa zilichukua muda wa maharagwe. Mara nyingine mwanga ulizunguka mistari yote na kurudi juu, na tena, na tena, na Wasike akawa amekosa herufi aliyoitaka, na machozi yakamtoka kwa sababu machozi hayahitaji msuli. Mildred alimfuta na kumwambia, “Pole pole, baba. Mimi niko.”

Jumamosi ilifika na mvua ya mchana. Mukhwana alikuja na Probox iliyoondolewa viti vya nyuma, ndani ametandika godoro jipya likiwa bado na nailoni. Dereva alibaki garini. Mukhwana aliingia akapangusa viatu, na kabla Mildred hajafungua mdomo akasema amefikiria sana. Hataki kumdhulumu mtu. Atamuuliza Wasike swali moja, kwa Kibukusu, jambo ambalo ni wao wawili tu duniani wanalijua. Akijibu sawa, basi maneno ni yake na atayaheshimu, hata kama ni ya kubaki. Ila Mildred atoke nje kabisa, asimame huko barazani, asishike kitu.

“Natoka,” Mildred akasema. Uso wake uling'aa kwa mara ya kwanza wiki hiyo. “Natoka sasa hivi. Kabura abaki aone.”

“Mama abaki,” Mukhwana akakubali. “Yeye hajui Kibukusu.”

Mildred akatoka kwenye mvua. Na hapo Mukhwana akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye adabu za kwao angelifanya. Kitanda kilikuwa kimewekwa ili Wasike aone skrini kwa pembe ya jicho, na kiti cha mgeni kikawa upande wa miguu. Mukhwana alisema hawezi kuongea na ndugu yake neno zito akiwa nyuma ya nyayo zake, watu huongea uso kwa uso. Akakishika kitanda na kukizungusha. Ni mtu mwenye nguvu. Selotepu ikalia kraa, na waya ukachomoka.

Nikapiga kelele. Mukhwana akaangalia, akasema pole, akauokota, akatafuta lile tundu la kijani na kuuchomeka vizuri, pini kwa pini. Hata akasogeza kompyuta ili Wasike aione upya. Mwanga ulikuwa bado umewaka juu ya mstari wa kwanza. Mimi nilitulia. Ulionekana umeingia, na nilikuwa nimesahau ile tabia. Mvua, wasiwasi, ile sura ya Mukhwana, vyote vilinifuta akili.

Mukhwana aliinama karibu na uso wa mdogo wake, akauliza swali lake kwa Kibukusu, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto. Kisha akasimama wima na kungoja.

Shavu likacheza. Nililiona. Likacheza tena. Kwenye skrini mwanga haukusogea hata kidogo. Shavu likacheza na kucheza, na macho ya Wasike yakanitazama mimi, yakatazama skrini, yakanitazama mimi. Nilikuwa najua kuna kitu na sikijui ni kitu gani. Ni uchungu ambao simtakii adui.

“Nilijua,” Mukhwana akasema hatimaye. Hakusema kwa ushindi. Alisema kama mtu aliyepoteza ndugu yake mara ya pili. “Mke wake akitoka, na yeye ametoka.”

Nje, Mildred alianza kugonga dirisha.

“Kabura! Sisikii tik! Mbona sisikii? Mmegusa waya?”

“Ilichomoka tukarudisha!”

“Irestart! Kabura, irestart!”

“Mama, usiguse,” Mukhwana akasema. “Mke wake ameshaanza kumwongoza kutoka nje.”

“Mulamwa, nakuomba!” Alikuwa akilia sasa, akipiga vioo kwa viganja. “Nifunge mikono! Nifungie kwa gari! Izimwe tu na iwashwe, ile tundu haiwezi kuujua waya ukirudi! Anakujibu! Anakujibu na hamumsikii!”

Mimi si mtu wa subira. Mama yangu alisema nitakufa kwa ulimi. Nilisimama mbele ya yule mzee mrefu na kumwambia, “Mzee, kwa heshima zote, wewe umengoja dakika chache na umechoka. Huyu mtu amengoja mwili wake umtii hadi umebaki shavu. Kama ni uongo, utapoteza nini tukizima na kuwasha? Bonyeza wewe mwenyewe, basi. Kwa kidole chako.”

Alinitazama sana. Kisha akanyoosha kidole na kubonyeza mahali nilipomwonyesha. Skrini ikawa nyeusi. Kompyuta ile ilikuwa nzito kuamka kama mlevi, na wakati wote huo Mildred alikuwa ameweka paji la uso kwenye kioo, mvua inamtiririka. Mimi niliomba. Niliomba kwa Kikuyu, maana ndicho Mungu wangu anachokisikia haraka.

Tik.

Tik, tik, tik.

Modemu ilikuwa bado inatafuta network, taa yake ikipepesa, kwa hiyo sauti haingekuwapo. Lakini herufi zilikuwapo. Mukhwana aliuliza tena swali lake. Shavu likacheza, na mwanga ukaitika. Herufi moja ikaketi kwenye skrini, na baada ya mizunguko mingi nyingine, na nyingine. Mukhwana aliweka mikono nyuma na kukunja uso. Miwani yake ilikuwa kwenye gari.

“Inasema nini, mama?”

“Inasema WEWE,” nikamjibu. “Basi. Wewe.”

Mzee yule alikaa kwenye kitanda kama mti uliokatwa. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa swali lilikuwa gani. Walipokuwa wadogo mtu alivunja redio ya baba yao, na Wasike ndiye aliyechapwa, na ukoo wote hadi leo unajua ni Wasike. Mukhwana alimuuliza nani aliivunja. Wakati ule sikujua lolote. Niliona tu mtu mzima amefunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika.

“Mulamwa!” akaita. “Mildred! Ingia.”

Mildred aliingia akiwa amelowa chepechepe. Mukhwana alisimama. Kwao si rahisi mkubwa kumwomba radhi mke wa mdogo wake, na hakuomba, lakini alimpisha apite karibu na kitanda, na hilo lilikuwa kubwa kuliko kuomba. Mildred alirekebisha plasta shavuni, akarudi nyuma mikono juu, ili kila mtu aione.

“Ni wewe, ndugu yangu,” Mukhwana akasema, kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yetu. “Nimeamini ni wewe. Sasa niambie mwenyewe. Unataka nini? Utakalosema ndilo nitakalofanya, na hakuna mtu wa ukoo atanyanyua mdomo.”

Mildred alinishika mkono na kuubana. Alikuwa akitabasamu. Tulishajua jibu, alikuwa amelitoa wiki nzima: nabaki, nataka kubaki, mwambieni nabaki.

Wasike hakuanza mara moja. Alimtazama mkewe. Alimtazama vile tunavyomtazama mtu tunapopima nguo aliyovaa, kutoka juu hadi chini, nywele zilizolowa, macho yaliyoingia ndani, kovu la moto mkononi. Kisha shavu likaanza kazi. Lilichukua muda mrefu. Mara mbili alikosa herufi na kuingoja izunguke. Mvua ikapungua. Dereva akapiga honi mara moja na kuacha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mildred na nilikuwa nasoma kadiri herufi zilivyoketi. Zilipofika katikati, tabasamu langu lilikufa, na mkono wa Mildred ulilegea ndani ya wangu.

Mwanga ulirudi juu, ukatulia. Alikuwa amemaliza. Modemu ilikuwa bado inapepesa.

Mukhwana alisogeza uso karibu na kioo, akaurudisha, akasugua macho.

“Sioni bila miwani,” akasema. Niliomba asiniulize mimi. Mungu anajua, angeniuliza ningemwambia imeandikwa anabaki, na ningeapa kwa kaburi la mama yangu. Lakini alimgeukia Mildred, na akamsemesha kwa upole ambao sijawahi kusikia mwanaume wa ukoo akimsemesha. “Soma wewe, mke wetu. Leo utakachosema nitakiamini.”

Mildred alitazama skrini. Alitazama nje, kwenye gari na godoro lake la nailoni. Alimtazama mumewe, na mumewe hakuwa amemwondolea macho. Halafu akasoma, kwa ile sauti yake ya kazini, neno kwa neno, anavyomsomea mteja barua kabla ya kuichapa:

“Mukhwana nipeleke nyumbani. Mildred alale.”